Riwaya za Likizo na za Vikundi vya Kusoma: Namna ya Kuzichagua

Riwaya inayoshika moyo ni ile inayomfanya msomaji aogope, atumaini au akasirike kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuishi. Nguvu hiyo haitokani na wingi wa vilio. Huja pale mambo matatu yanapokutana: mhusika anayetaka kitu kwa dhati, kizuizi asichoweza kukivuka bila kumuumiza mtu, na gharama inayobaki baada ya uamuzi wake. Riwaya yenye misiba kumi bila uamuzi hata mmoja huchosha, na yenye uamuzi mmoja mgumu hukumbukwa miaka mingi.

Kwa msomaji wa peke yake hayo matatu yanatosha. Kikundi huongeza sharti la nne: watu wenye busara waweze kutofautiana juu ya uamuzi huo. Kitabu ambacho wote wanamlaani mhusika mmoja na kumhurumia mwingine humaliza mazungumzo kabla chai haijapoa.

Msimu wa kusoma

Katika nchi za kaskazini ya dunia orodha za vitabu vya likizo hutolewa Juni, jua linapowaka na watu wanapokwenda pwani. Kilema, kwenye miteremko ya kusini mashariki ya Kilimanjaro, mwezi huohuo ni wa baridi. Ukungu hushuka hadi kwenye migomba, vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, hulowa hata bila mvua, na watu huingia ndani mapema kukaa karibu na moto. Shule hufungwa Juni na tena Desemba, na hizo ndizo nafasi mbili kubwa za kusoma. Hazifanani.

Likizo ya Juni ni fupi. Kazi za shamba hazijaisha, na kahawa ikianza kuiva, jioni huliwa na kuchuma na kumenya. Riwaya ya msimu huu inafaa iwe ya kurasa 150 hadi 250. Hesabu yake ni rahisi: anayesoma kurasa 20 kila jioni humaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku kumi. Anayesoma kurasa 20 kwa wiki atakimaliza baada ya miezi miwili na zaidi, na kufikia hapo amesahau nani alikuwa shemeji ya nani.

Desemba ina sura nyingine. Wachaga wa mlima huu walio Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi hurudi nyumbani, na nyumba iliyokuwa na wazee wawili hujaa watu wa vizazi vitatu. Muda wa kusoma kimya ni haba, lakini wasikilizaji ni wengi. Hapo kinafaa kitabu chenye sura zinazosimama zenyewe, zinazoweza kusomwa kwa sauti baada ya chakula, na chenye mambo ambayo bibi anaweza kuyaeleza vizuri kuliko mjukuu wake mwenye shahada.

Riwaya za familia, urithi na kukataliwa

Wasomaji wengi hushikwa upesi na habari za familia, na hazina ya Kiswahili upande huu ni kubwa. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, inamfuata binti anayekataliwa nyumbani kwa baba yake, akakimbia, kisha akajenga maisha na mkulima aitwaye Sulubu. Mgogoro wa shamba unapozuka, msomaji wa Kilema hahitaji kuelezwa uzito wake. Kimila kihamba kimerithiwa na wana wa kiume, na swali la binti kurudi kwenye ardhi ya baba yake linajulikana katika koo nyingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, ila sheria na kikao cha ukoo havisemi lugha moja kila mara. Kikundi kinachosoma riwaya hii kitaanzia kitabuni na kumalizia nyumbani.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inafaa kikundi kinachopenda kubishana. Maksuudi ni mtu mwenye cheo na heshima mbele ya watu, lakini ndani ya nyumba yake mke na binti wamefungiwa kama mali. Binti, Maimuna, anatoka na kuingia katika dunia asiyoijua, na gharama ya kutoka huko inaandikwa bila kupakwa sukari. Swali linalobaki ni la msamaha: mzazi wa namna hii, akianguka, anadai nini kwa watoto wake?

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ina mwendo mwepesi zaidi. Kijana aliyekulia Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari huvuta msomaji hata aliyechoka, kwa hiyo kitabu hiki kinawafaa vijana wa sekondari na watu wanaorudi kwenye kusoma baada ya miaka mingi.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inasimulia msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mlevi na mkali, akaingia shuleni na chuoni bila kujua namna ya kuushika uhuru. Iliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ya uwazi wake, kisha baadaye ikafundishwa. Ubishi kuhusu nani aliyemharibu Rosa, kama ni baba, shule, wanaume au yeye mwenyewe, haujazeeka. Mahali ambapo mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hunywewa kwa heshima katika harusi na matanga, lakini pia huvunja nyumba, sura za baba yake Rosa zitasomwa kwa ukimya.

Mapenzi, deni na siasa

Riwaya ya mapenzi hushika zaidi pale wapendanao wanapozuiwa na jambo kubwa kuliko wao. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ni mfano mzuri. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima, anaiacha ndoa hiyo na kumpenda Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza Zanzibar katika miaka ya 1950. Mapenzi na siasa vimefungamana kiasi kwamba msomaji asiyependa siasa anaifuata kwa ajili ya Yasmin, na asiyependa mapenzi anaifuata kwa ajili ya Denge. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021. Kikundi kikiitazama baada ya kusoma, hupata mkutano wa pili bila kununua kitabu kingine.

Mwandishi huyohuyo ana Kuli, ya mwaka 1979, kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Ni fupi, ina hasira ya haki, na inawafaa wasomaji wanaosema riwaya ni mambo ya mapenzi tu.

Peponi ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu cha Kiingereza kilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakileta katika Kiswahili. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita mjomba, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hadithi inatoka pwani kuelekea bara na kukaa kwa muda katika mji wa mlimani, siku za Wajerumani, karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia. Anayeishi chini ya kilele cha Kibo ataisoma kama habari ya wageni waliopita njiani kwa babu zake. Riwaya hii haiharakishi. Inataka msomaji aliyetulia, na ukungu wa Julai unaifaa.

Ndoa isiyo na mtoto

Kitabu cha Desemba kinachostahili kutajwa peke yake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kitereza alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Ni kirefu sana, na anayekianza kwa haraka atakiacha. Lakini kiini chake ni cha kila nyumba: mume na mke wanaopendana hawajapata mtoto, na wakwe wanamrudisha binti yao kwao. Myombekere, ili ampate tena mkewe, anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ukweni.

Hapo mzee wa Kilema huanza kucheka, kwa maana anajua ndizi zipi hufaa, ulezi unaingia wakati gani, na kwamba ukweni hakuendwi mikono mitupu. Kitabu kikisomwa sura moja kila jioni, wazee hugeuka wafafanuzi na vijana wasikilizaji. Aliyekaa miaka ndani ya ndoa bila mtoto naye hujiona katika kitabu ambacho hakimdhihaki.

Vitabu vizito na wasomaji wenye majeraha

Kushika moyo kuna hatari yake. Kichwamaji ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, inamfuata Kazimoto, msomi anayekosa maana ya kuishi, na mwisho wake ni mtu kujitoa uhai. Rosa Mistika nayo ina utoaji mimba na kifo cha namna hiyohiyo. Ua la Faraja ya William Mkufya, ya mwaka 2004, inaingia katika nyumba zilizopigwa na UKIMWI. Vyote ni vitabu vya thamani, na hakuna sababu ya kuvificha. Lakini anayependekeza kitabu analazimika kukitangaza kilivyo kabla watu hawajakinunua.

Njia ya heshima ni kusema wazi katika mkutano wa kuchagua: kitabu hiki kina kujiua, au kubakwa, au kifo cha mtoto. Mwanachama aliyetoka msibani juzi ataamua mwenyewe kusoma, kusubiri au kuja kusikiliza tu, na haulizwi sababu. Kitabu kizito kifuatwe na chepesi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960 na kumtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, hurudisha hamu ya kusoma kwa kikundi kilicholia miezi miwili mfululizo.

Wakwe na watu wa rika tofauti nao wafikiriwe. Kikundi chenye mama mkwe na mkwewe kikisoma kitabu chenye mambo ya faragha hakitajadili chochote, kwa kuwa kila mmoja atatazama chini. Si kosa la kitabu wala la watu. Kitabu hicho kisomwe na kikundi cha rika moja, na kile cha watu mchanganyiko kichukue Siku Njema au Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambayo uchungu wake ni wa umaskini, ulevi wa baba na watoto wanaokosa shule.

Kipimo cha kurasa kumi

Jalada na sifa za rafiki havitoshi kuchagulia kitabu. Kipimo cha uhakika ni kurasa kumi za mwanzo, zisomwe kwa sauti na watu wawili au watatu kabla fedha haijatoka. Mambo manne huangaliwa. La kwanza, je, katika kurasa hizo kuna mtu anayetaka kitu? La pili, je, wasomaji wanataka kugeuza ukurasa wa kumi na moja? La tatu, je, lugha inaeleweka bila kusimama kila mstari? La nne, je, watu wameanza kubishana?

Jambo la tatu lina uzito kwa wasomaji wa bara. Riwaya nyingi bora zimeandikwa na Wazanzibari, na Kiswahili chao kina maneno ya vyakula, mavazi, vyombo vya bahari na matusi ya mtaani yasiyosikika Kilema. Maneno matano mageni katika ukurasa si tatizo, maana mengi hujieleza kwa yaliyo jirani. Yakiwa ishirini, kikundi kiwe na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mezani na mtu mmoja wa kuifungua. Kwa kawaida baada ya sura tatu kamusi hubaki imefungwa.

Kupata nakala

Uchaguzi mzuri usio na nakala ni maneno matupu, kwa hiyo upatikanaji huulizwa kabla ya kupiga kura. Maktaba ya Mkoa wa Kilimanjaro, mjini Moshi, ni mahali pa kwanza pa kutazama. Maduka ya vitabu ya Moshi huelekea zaidi kwenye vitabu vya shule, jambo lenye faida yake: riwaya zilizowahi kuwa katika mihtasari ya sekondari, kama Watoto wa Mama N'tilie, Takadini na Vuta N'kuvute, hupatikana kwa urahisi kuliko nyingine, na mara nyingi zimelala kwenye makabati ya nyumba ambazo watoto wamemaliza shule. Matangazo baada ya ibada yanaweza kuzitoa nakala nne au tano bila senti.

Peponi na Vuta N'kuvute zimechapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, na ndugu anayepanda kwa likizo anaweza kuagizwa. Siku Njema na Utengano zimewahi kufundishwa katika sekondari za Kenya, kwa hiyo mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka wa Holili anaweza kumtuma. Kutoa kopi ya kitabu kizima ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki, na kunamnyima mwandishi riziki yake. Fedha zikiwa haba, nakala moja inatosha ikisomwa kwa sauti na kupokezana, au nakala tatu zikizunguka nyumba kwa nyumba kwa ratiba iliyoandikwa. Mchango mdogo wa kila mwezi, unaotunzwa na mweka hazina kama ilivyo katika vikundi vya kuweka na kukopa, hununua nakala chache kwa mwaka, na mwisho wa mwaka kikundi kina kabati lake.

Kuendesha mazungumzo

Kikundi cha kusoma kinaonekana kitu kigeni, lakini Tanzania imewahi kukifanya kwa kiwango kikubwa sana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vidogo nchi nzima. Kwa wiki 12 walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Mpangilio huo ulifanya kazi kwa kuwa kikundi kilikuwa kidogo, kiongozi aliuliza badala ya kuhubiri, na kila mkutano ulikuwa na jambo moja.

Kilema ina mazoea ya karibu zaidi. Misheni ya Kikatoliki ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hukutana nyumba kwa nyumba, kusoma maandiko na kuyazungumza. Watu waliozoea utaratibu huo hawahitaji kufundishwa kupokezana kusoma wala kumwachia mwenzao nafasi ya kusema. Kinachobadilika ni kwamba mbele ya riwaya hakuna jibu takatifu.

Watu wanane hadi 12 wanatosha. Mwenyeji wa siku ndiye anayeandaa chai na maswali matatu, si kumi. Swali zuri linahusu uamuzi: Bugonoka angefanya nini wazazi wake walipomchukua? Yasmin alikosea wapi, kama alikosea? Swali la «umejifunza nini?» liachwe, kwa kuwa huleta majibu ya darasani, kila mtu akitaja mafunzo yaleyale na kukaa kimya. Mzee aanze kusikiliza kabla ya kuhitimisha, la sivyo vijana watakubaliana naye kwa adabu na mazungumzo yatakufa. Asiyemaliza kitabu aje vilevile, ila asilalamike akisikia mwisho.

Kuchagua kwa mwaka mzima

Kikundi kipya hakihitaji zaidi ya vitabu vinne kwa mwaka. Mpangilio unaofaa ni kuanza na kifupi chenye mwendo, kama Siku Njema au Kuli, ili wote waonje furaha ya kumaliza. Kinafuata cha familia, kama Nyota ya Rehema au Utengano, wakati watu wamezoeana kiasi cha kusema ukweli. Julai na Agosti, baridi ikikaza, kinakuja kitabu cha taratibu kama Peponi. Desemba kinasomwa kwa sauti kile cha Kitereza, sura chache tu, mbele ya nyumba iliyojaa.

Kura ipigwe baada ya kipimo cha kurasa kumi, na aliyeshindwa apewe zamu ya kuchagua kitabu kinachofuata. Baada ya mwaka mmoja dalili ya uchaguzi mzuri itaonekana nje ya mkutano: watu wawili wamesimama njiani, mmoja na majani ya ng'ombe kichwani, wanabishana kuhusu Maksuudi kana kwamba ni jirani yao. Kitabu kilichofikia hapo kilichaguliwa vizuri.